Mtindo wa bendi unakaa wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Naongoza bendi ya watu tisa hapa Tanga. Tunapiga rumba la zamani na nyimbo zetu chache, harusini na kwenye hoteli moja kila Ijumaa. Vijana wa bendi wanataka tugeuze muziki: tuache vya kupuliza, tuingize kinanda na rapa. Wakubwa wanasema tukifanya hivyo bendi imekufa. Mbona bendi kongwe za Dar, Msondo na Sikinde, hazijabadilika na bado zina wapenzi wao? Mbona nyingine zilibadilika zikapotea? Tufuate lipi? Halafu mzee wetu wa tarumbeta ameacha, kifua hakimruhusu tena. Pengo lake tuliweke kinanda?

Jibu:

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukukatalia neno moja. Umesema Msondo na Sikinde hazijabadilika. Zimebadilika, tena sana, ila zimebadilika mahali ambapo mpenzi wao hapashiki sana. Nivumilie nikueleze taratibu, maana jibu lako limejificha humo.

Chukua Msondo. Bendi ile ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa NUTA Jazz. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikageuka tena, ikawa OTTU Jazz. Mwisho chama kikajitoa, wanamuziki wakabaki na bendi yao mikononi, wakaiita Msondo Ngoma. Waimbaji waliopita pale hata kuwahesabu ni kazi: Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka, Shaaban Dede, TX Moshi William tuliyemzika mwaka 2006, na wengine wengi. Ukichukua rekodi ya NUTA ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaiweka kando ya rekodi ya JUWATA ya miaka ya 1980, utadhani ni watu na babu yao. Ile ya kwanza ni fupi, ina harufu ya Kuba, ya zile santuri za muziki wa Kuba zilizoitwa GV, ambazo wazee wa pwani walizicheza hadi zikachubuka. Ya pili ni ndefu, imejaa kisa na mawaidha, na mwishoni inachemka hadi jasho linatoka. Lakini mtu aliyekulia Ilala ukimsikilizisha zote mbili kupitia dirisha la jirani atakwambia, "Msondo hao." Na atasema hivyo kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Amesikia nini? Amesikia chini. Amesikia besi inavyokanyaga na tumba, ile ngoma ya viganja, inavyoijibu, na gitaa la ridhimu linavyojipenyeza katikati yao bila kumkanyaga yeyote. Mimi nimepiga ridhimu miaka ishirini na sita, kwa hiyo unaweza kusema navutia kwangu. Sikatai. Lakini kila bendi niliyoifuatilia imenirudisha palepale: waimbaji na nyimbo ndio nguo, wanaotembea ndani ya nguo ni watu wa chini.

Hapa inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo sisi wa dansi tumeviita kwa jina moja. Neno "mtindo" kwetu lilikuwa kwanza jina la kutangaza dansi. Western Jazz walikuwa na Saboso, Urafiki wakawa na Mchakamchaka, Morogoro Jazz wakawa na Likembe kisha Sululu, Vijana Jazz wakawa na Koka Koka na baadaye Pambamoto, Bima Lee wakawa na Magnet Tingisha. Jina lilibandikwa kwenye matangazo ya ukutani ili watu wajue kuna namna mpya ya kucheza Jumamosi hii. Maquis, bendi iliyotoka Zaire, walibadili majina hayo kama watu wanavyobadili khanga za sikukuu: Kamanyola, Ogelea Piga Mbizi, Sendema. Msondo, ingawa jina la bendi liligeuka na chama, jina la mtindo walishikilia lilelile, Msondo. Ukifuata majina tu utasema Maquis walikuwa bendi ya kugeukageuka na Msondo bendi ya kuganda, nawe utakuwa umekosea pande zote mbili. Magitaa ya Maquis yalibaki yaleyale matamu, yenye asili ya Katanga, kutoka jina moja hadi jingine. Kilichokuwa kinabadilika ni mchezo wa miguu na kibwagizo cha kuitikia.

Mtindo wa pili, wenyewe hasa, hauandikwi kwenye matangazo. Ndio huo unaokuhusu.

Ushahidi wangu mkubwa ni safari ya Gurumo mwenyewe. Aliimba NUTA tangu mwanzo. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park, yeye akaenda huko pamoja na wenzake wa JUWATA, Bitchuka akiwemo, wakaungana na wengine waliotoka Dar International, Abel Balthazar akiwemo. Wakachukua jina la ngoma ya Wazaramo, Sikinde, ngoma ya ukae. Mwaka 1985 mwenye bendi ya Safari Sound akawavuta Gurumo, Balthazar na wenzao kadhaa, ikazaliwa Ndekule. Baadaye Gurumo akarudi Msondo, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2013, akafariki mwaka uliofuata. Sauti moja, ile nzito yenye mkwaruzo isiyofanana na ya mtu mwingine, imepita bendi tatu. Basi kaa chini usikilize: akiwa Msondo ni Msondo, akiwa Sikinde ni Sikinde, akiwa Ndekule ni Ndekule. Kama mtindo ungekuwa unakaa kwenye koo la mwimbaji, bendi zote tatu zingekuwa moja. Bitchuka naye amekwenda na kurudi kati ya Msondo na Sikinde, na Dede vilevile, na mashabiki wakawa wanawapokea kama wachezaji wa Simba na Yanga. Bendi hazikuchanganyika.

Kwa nini Sikinde ilitofautiana na Msondo ilhali watu wake kadhaa walitoka Msondo? Kwa sababu ya mpango wa magitaa na ya mwalimu. Sikinde magitaa yanasemezana: solo linauliza, la pili linajibu, ridhimu linacheka pembeni, halafu vya kupuliza vinaingia kwa sentensi ndefu zilizopangwa vizuri kama mistari ya utenzi. Msondo ni ngoma zaidi. Vya kupuliza vya Msondo vinapiga vifupi, vinasukuma, na solo linarukaruka juu ya tumba. Aliyekuwa akipanga vitu Sikinde ni Michael Enoch, mtu aliyelelewa na Dar es Salaam Jazz, aliyejua gitaa na vya kupuliza pia, ndiyo maana wenzake walimwita Ticha. Msondo kwa upande wao walikuwa na Said Mabera kwenye solo, aliyeingia mwaka 1973 na akabaki pale miongo kwa miongo, watu wakija na kuondoka mbele yake. Kila bendi iliyodumu ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Huenda hata jina lake halikuwa kubwa mtaani. Kazi yake ilikuwa kumwambia mgeni, "Hapa hatupigi hivyo."

Nitakwambia nilivyopokelewa kwenye bendi yangu ya kwanza. Nilikuja na gitaa langu na vidole vya haraka, najiona fundi. Mwezi mzima sikupandishwa jukwaani. Nilikalishwa kwenye stuli karibu na mpiga besi, nikapewa kipande kimoja cha ridhimu, noti saba tu, nikaambiwa nikirudie. Saa nzima. Kesho tena. Nilipotia madoido, mzee wa besi aliacha kupiga, akaniangalia, akasubiri nirudi kwenye noti saba, ndipo naye akaendelea. Hakunigombeza hata siku moja. Wiki ya tatu nikaanza kusikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia: kulikuwa na upenyo mdogo baada ya pigo la tatu la besi, na tumba ilikuwa inakaa humo. Madoido yangu yalikuwa yanaziba upenyo ule. Kumbe bendi nzima ilikuwa imejengwa juu ya upenyo huo, nami nilitaka kuuziba kwa tope. Tangu siku ile nimejua mtindo unarithishwa kwa namna hiyo, kwenye stuli. Bendi ikikosa stuli, mpiga mpya anakuja na mtindo wake, wa pili anakuja na wake, na mwaka wa tatu bendi inabaki na jina tu.

Kuna bendi ambazo mtindo hukaa kwa mtu mmoja, sitaki nikufiche. Mbaraka Mwinshehe alikuwa anaimba, anatunga na kupiga solo, yote yeye. Alipoitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, utamu ulimfuata, na Morogoro Jazz haikurudi tena pale ilipokuwa. Alipofariki kwa ajali kule Kenya, Januari 1979, Super Volcano nayo haikuweza kusimama muda mrefu bila yeye. Bendi ya namna hiyo huwaka sana na huzima na mwenyewe. Kama kwenye bendi yako kuna mtu wa aina hiyo, mengi ninayokwambia hapa hayatawafaa. Lakini barua yako inaonyesha nyinyi ni watu tisa wa kawaida wanaopendana kazi, na hilo lina nguvu yake.

Kwa kuwa uko Tanga, wacha nikukumbushe ndugu wawili wa kwenu. Wilson na George Peter Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz ya hapo Tanga, wakapita Arusha, wakaingia Kenya mwaka 1971 na kuifanya Simba Wanyika kuwa bendi kubwa Nairobi. Mwaka 1978 ilipasuka. Waliotoka walikuwa watu wa chini: Omar Shabani wa ridhimu, yule waliyemwita Profesa, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa dramu. Wakaunda Les Wanyika na John Ngereza akiimba na kupiga solo. Sasa angalia. Ndugu wawili walibaki na jina, sauti zao, nyimbo zao na saksafoni. Waliotoka hawakuwa na kitu isipokuwa ridhimu, besi na dramu. Na ndani ya muda mfupi Les Wanyika ilisikika Afrika Mashariki nzima, muziki mkavu, usio na vya kupuliza, kila chombo unakisikia kikipumua, ule mwendo wa Wanyika ukiwa safi kuliko awali. Ridhimu ya Profesa Omar imefundishia watu gitaa kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Simba Wanyika haikufa, ilitafuta watu wengine wa chini, ikaendelea hadi George alipofariki mwaka 1992 na Wilson baada yake. Lakini mtu akikuuliza "mwendo wa Wanyika" ni upi, atakuimbia ridhimu kwa mdomo. Hataimba maneno.

Sasa nije kwenye zilizobadilika zikapotea. Hapa tusiwalaumu wanamuziki peke yao, kwa maana mara nyingi kilichobadilika kwanza ni mlango wa kuingilia pesa.

Zamani bendi ilikuwa na mwajiri: chama cha wafanyakazi, shirika la umma, jeshi, polisi, magereza, kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mshahara ulitoka kwake. Kurekodi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, wote chumba kimoja, mnapiga pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea mnarudia. Kwa hiyo ilibidi bendi yenyewe ijue nani anapanda na nani anashuka, hapakuwa na fundi mitambo wa kuja kuwapanga baadaye. Wimbo ulikuwa na nafasi ya kupumua, dakika sita, saba, nane. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Vilikuwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikaziba miaka kadhaa. Bendi za Dar zikabaki na redio na ukumbi. Redio ilikuwa inakutangaza, ukumbi ndio uliokulisha. Ndiyo maana kila kitu kilipangwa kwa ajili ya mtu anayecheza: mwanzo pole, kisa kinasimuliwa, watu wanashikana, halafu chemko, na hapo vyombo vinaachiwa dakika nyingi tu.

Kenya mambo yalikuwa mengine. Huko bendi iliishi kwa santuri ndogo, na santuri ndogo ina pande mbili. Basi wimbo ukakatwa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa. Ukisikiliza vizuri nyimbo za Wanyika za miaka ile utasikia mahali zilipokatwa, na utaona jinsi watunzi walivyojifunza kuujenga wimbo kuelekea kwenye mkato ule. Santuri yenyewe ilikuwa mwalimu wa mtindo. Hili huwa nalifikiria sana ninaposikia vijana wakilaumiwa kwa nyimbo za dakika tatu. Nao wanaujenga wimbo kufuata mlango wa leo.

Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa au yakafungwa, waajiri wakaacha bendi zao, redio za watu binafsi zikaja na muziki mpya, na bendi ya watu kumi na watano ikawa mzigo usiobebeka. Wa kwanza kupunguzwa walikuwa wapulizaji. Kinanda kimoja kilinunuliwa mara moja, hakili wala hakiugui, hivyo ndivyo wenye bendi walivyopiga hesabu. Vijana Jazz walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingiza kinanda, na wao walifanya kwa akili, mwendo wa Pambamoto ukabaki. Wengi waliofuata hawakufikiri.

Nilikuwa kwenye bendi moja ambayo mwenye vyombo aliuza tarumbeta mbili na saksafoni siku moja, tukafika mazoezini tukakuta kinanda. Sitaitaja. Nataka tu uone kilichotokea hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza kinanda kilipiga mistari ya vya kupuliza, ikasikika myembamba lakini tukaizoea. Mwezi wa pili mpiga kinanda, kijana mzuri tu, akaanza kujaza zile nafasi ambazo wapulizaji walikuwa wanaziacha ili kuvuta pumzi. Mpulizaji lazima avute pumzi, na pumzi yake ndiyo ilikuwa mlango wa solo kuingia. Kinanda hakihemi. Mlango ukafungwa, solo likakosa pa kuingilia, likaanza kupigana kwa sauti ya juu. Mimi kwenye ridhimu nikawa sisikiki, nikaacha vipande vyangu nikawa nakwaruza tu kodi nzima nzima. Besi ikafuata dramu badala ya tumba. Mwaka haukuisha tukawa tunafanana na bendi nyingine yoyote ya mjini, na watu waliokuwa wanatufuata kutoka Temeke hadi Kibaha wakaacha kuja. Mwenye bendi akasema watu wamechoka na dansi. Watu hawakuchoka na dansi. Walikuja kututafuta wakakuta hatupo.

Ndiyo maana siwezi kukwambia kinanda ni kibaya, wala kwamba vijana wako wamekosea. Wanaotaja Twanga Pepeta kama walioharibu muziki huwa nawapinga waziwazi. African Stars ilipokuja juu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Ali Choki na Banza Stone mbele, na rapa, na wanenguaji, na kinanda mahali pa tarumbeta, haikumdanganya mtu. Ilikuja na jina lake na mwendo wake tangu mlangoni, ikachukua mambo ya Kinshasa ikayaweka kwenye visa vya Kiswahili, kumbi zikajaa tena wakati wengi walishatangaza msiba wa dansi. Hata huko Kinshasa mambo yalipita hivyohivyo: Zaiko Langa Langa waliondoa vya kupuliza tangu kuanzishwa kwao mwaka 1969, wakajenga dramu yao juu ya kavacha, pigo la haraka la kwao, nao wakati huohuo OK Jazz ya Franco ikabaki na safu yake ndefu ya wapulizaji. Zote mbili zilipendwa miaka mingi, kila moja na watu wake. Bendi mpya ina uhuru wa kuanza inavyotaka. Bendi yenye watu wake ina deni.

Na taarabu ni hivyohivyo, ingawa hapo sitakaa sana. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu 1905. Wanachama wake hawakuwa waajiriwa wa mtu, walikutana klabuni kwa mapenzi yao, na kijana alikaa nyuma ya fidla ya mkubwa wake miaka. Rusha roho ilipokuja na vinanda vyake miaka ya 1990, haikuihitaji ruhusa ya Ikhwani Safaa, na Ikhwani Safaa haikuihitaji rusha roho. Tena klabu ina stuli, nadhani unaona ninaporudi.

Basi tuje kwenu Tanga.

Kabla hamjabishana tena, fanyeni jambo moja. Ijumaa hii mtu aweke simu nje ya ukumbi, mbali kidogo, pale sauti ya mwimbaji inapopotea na inabaki mngurumo tu. Mrekodi nyimbo zenu tatu na kopi mbili. Jumanne mkae pamoja msikilize bila kusema neno. Kama nyimbo zenu na zile za kopi zinasikika mwendo mmoja, wenu, basi mnacho kitu cha kulinda. Kama kila wimbo unatembea na miguu ya bendi nyingine, basi wakubwa wenu wanalinda kitu ambacho bado hakijazaliwa, na ugomvi wote huu hauna msingi. Nasema hivyo kwa heshima, maana bendi za harusini hupatwa na jambo hili bila kujua. Harusini leo unaombwa rumba, kesho singeli, baadaye kwaito ya shemeji aliyetoka Afrika Kusini. Ukiiga kila kitu kama kilivyo, baada ya miaka mitano besi yako haijui nyumbani ni wapi. Pigeni kopi, lazima mle, lakini zipigeni kwa besi na tumba zenu. Bibi harusi atacheza tu.

Mkigundua mnao mwendo wenu, vijana wapewe chemko. Nasema wapewe kweli, wasivumiliwe. Mwanzo wa wimbo ubaki kama ulivyo, kisa, sauti tatu zinazopandana, gitaa pole. Chemko likifika, rapa aingie, vijana wafupishe, waongeze kasi, wajaribu hata mapigo ya singeli kama wanayaweza. Chemko tangu zamani lilikuwa mahali pa kujaribia. Maquis walibadilishia humo, Vijana Jazz walibadilishia humo, na hayo majina yote ya mitindo niliyokutajia yalizaliwa humo. Mpenzi wa bendi anavumilia chochote kwenye chemko akishapewa haki yake mwanzoni. Kitu kitakachokamata humo kitapanda chenyewe hadi juu ya wimbo, mwaka mmoja, miwili, na hakuna atakayekumbuka kiliingia lini. Namna hii ndiyo Msondo walivyotoka kwenye chacha fupi za miaka ya 1960 hadi kwenye visa virefu vya miaka ya 1980 bila mtu kulalamika.

Wewe kiongozi angalia besi na tumba tu. Mpiga besi akitaka kuondoka, mshike, mwongezee hata kama fungu lako litapungua. Mwimbaji mzuri utampata Tanga hiyohiyo, Ngamiani peke yake imejaa waimbaji. Besi na tumba waliozoeana miaka kumi huwapati sokoni. Na tafuta kijana mmoja leo, kabla hamjamhitaji, umkalishe kwenye stuli.

Kuhusu mzee wa tarumbeta. Wekeni kinanda, sina pingamizi, pengo la watu mnaoishi kwa Ijumaa moja haliwezi kungoja mpulizaji mwingine azaliwe. Ila msikiwashe kwanza. Kifua kimemkatalia kupuliza, mdomo bado unaimba. Mtumieni nauli aje mazoezini wiki tatu, akae kiti kilekile chake, aimbe mistari ya tarumbeta kwa mdomo wimbo mmoja baada ya mwingine, na kijana wa kinanda akae kando yake mikono mapajani, aimbe naye hadi aijue. Asikilize hasa pale mzee anapokatiza kuvuta pumzi. Akishajua kuvuta pumzi pamoja na mzee, mruhusuni aguse kinanda.